Vitoto vya Buibui Chini ya Kitanda

Kila siku akitoka shule, Azza alipitia dukani kwa baba yake, Kariakoo, akamwamkia, kisha akapanda ngazi hadi nyumbani kwao ghorofa ya tatu. Alivua sare, akala, halafu akajifungia chumbani kama mtu mwenye siri. Na siri alikuwa nayo kweli. Chini ya kitanda chake, ndani ya chupa ya jemu, alikuwa anafuga vitoto vya buibui.

Kifuko cha mayai alikiokota nyuma ya majora ya vitambaa dukani, siku buibui aliyekitaga alipofagiliwa nje. Kilipopasuka vikatoka vitoto vingi, vidogo kama punje za ulezi. Azza alivipenda mno. Alivitegea inzi wadogo kwa ganda la ndizi, akavinywesha kwa pamba yenye maji. Mdomo wa chupa aliufunga kwa kipande cha lesi ya maua maua alichopewa na baba. Binti wa muuza vitambaa huyo! Katika vitambaa vyote vya duka zima, akachagua chenye matundu.

Jumamosi asubuhi aliinama chini ya kitanda, akakuta chupa tupu. Kabla hajajua la kufanya, mdogo wake Shahd, wa miaka minne, aliyelala kitanda cha pili, akaamka analia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba, mwekundu, na malengelenge yamejaa.

Azza alikumbuka maneno ya Violeth, rafiki yake wa darasani, kwamba sumu ya buibui humuua mtoto kabla jua halijazama. Alitaka kusema, akasita. Mama angesemaje? Na Shahd akifa, nani atakuwa amemuua? Akaisukuma chupa hadi ukutani, akanyamaza.

Mama alimbeba Shahd, wakachukua bajaji mpaka zahanati moja upande wa Upanga. Njia nzima Shahd alilia na kujikuna. Azza alimtazama kila alipopumua, akiogopa isije ikawa ndiyo pumzi ya mwisho.

Daktari Elimringi, mtu mzima mwenye miwani, aliitikia shikamoo zao, akauliza mtoto amekula nini, amechezea nini, amepakwa nini. Mama akajibu hakuna jipya, labda ni mdudu tu. Basi daktari akasema atampa dawa ya kutuliza muwasho, warudi nyumbani, waangalie hali itakavyokuwa. Akaanza kuandika.

Warudi nyumbani! Kwenye chumba kilekile!

"Daktari," Azza alisema, "ni buibui. Nilikuwa nawafuga, wametoroka wote. Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyemuua Shahd."

Mama akashika kichwa. Shahd, kusikia ameuawa, akazidisha kilio. Daktari hakucheka wala hakufoka. Aliuliza buibui hao walikuwa na ukubwa gani, naye Azza akaonyesha ncha ya ukucha. Daktari akawasha tochi, akausogeza ule mkono karibu na macho, akitafuta alama za meno. Alitafuta sana. Mwisho akaufuatisha mstari wa malengelenge kwa kalamu, bila kugusa: ulipanda, ukapinda, ukatoa majani madogo.

"Buibui wadogo hivyo, meno yao hayapenyi ngozi," alisema. "Na sijaona buibui anayeuma kwa umbo la ua. Mama, mtoto huyu alipakwa piko?"

Mama akakumbuka. Alhamisi kulikuwa na harusi ya shangazi yao, na yeye mwenyewe ndiye aliyemchora Shahd maua mkononi kwa piko nyeusi tii, ambayo sasa ilikuwa imefunikwa na malengelenge, kama wanavyochorwa wasichana wote wa ukoo wao kila penye harusi. Nani angehesabu piko kuwa kitu kipya? Daktari akaeleza kwamba piko ile ina rangi ya kupaka nywele, na rangi hiyo huwaunguza baadhi ya watu ngozi, hasa watoto. Akabadilisha dawa, akaonya Shahd asipakwe tena.

Siku chache baadaye uvimbe ulikuwa umeshuka. Azza na mama walipiga magoti chumbani, wakavikusanya vile vitoto kwa brashi laini ili wakaviachie kwenye vyungu vya maua vya roshani. Azza hakuthubutu kumtazama mama usoni. Alisubiri kugombezwa.

"Mimi niliulizwa mtoto amepakwa nini, nikajibu hakuna, bila hata kufikiri," mama alisema. "Wewe ulijua jambo, ukalificha asubuhi nzima. Usingesema yale ya buibui, daktari asingeutazama ule mkono vizuri, na harusi ijayo ningempaka tena mwanangu sumu kwa mkono wangu. Tukiulizwa habari za mgonjwa, tuseme yote tunayoyajua, hata ya aibu. Kuogopa utaogopa, Azza. Ogopa, lakini sema hukuhuku unaogopa."