Ufizi Hauchimbwi

Ilikuwa siku ya tatu Vaileth hajapata hata nafasi ya kukaa chini. Brightson, mwanawe wa miezi minane, alikuwa anaharisha. Nepi za asubuhi zilikuwa bado mbichi kwenye kamba, na nyingine zilishajaa kwenye beseni. Mumewe, Gozbert, ni mlinzi, na siku hiyo alikuwa lindoni. Ndege zilipopita juu ya Kiwalani kwenda kutua, mtoto alishtuka na kuanza kulia upya. Vaileth alichoka mpaka akachoka na kuchoka kwenyewe.

Mama mkwe wake, bibi Atuganile, alikuwa amekuja kutoka Tukuyu kumsaidia kulea. Alimpakata mtoto, akapitisha kidole kwenye ufizi wake wa juu.

"Mama Blessing, njoo uone," aliita. "Ufizi umevimba, na ndani kuna weupe. Ni meno ya plastiki haya! Ndiyo yanayomharisha."

Maneno hayo Vaileth aliwahi kuyasikia, wakati Blessing, binti yake mkubwa, alipokuwa na umri kama wa Brightson. Blessing aliharisha vilevile. Bibi alimwita fundi wa kuyatoa meno hayo, naye akaja na spoku ya baiskeli iliyonolewa, akamchimba mtoto ufizi. Vaileth mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa. Damu ilitoka nyingi. Baada ya siku chache kuharisha kukakoma, wote wakashukuru.

Sasa Blessing ana miaka minane. Meno yake ya mbele yamepinda, moja limelalia jingine. Shuleni wanamwita Foleni. Akicheka huziba mdomo kwa mkono.

"Nimeshampigia fundi," alisema bibi. "Anafika saa kumi."

Vaileth hakubisha. Mtu aliyechoka sana habishi, anaitikia tu. Lakini alimtazama Brightson, akaona hawezi kumshika kichwa na huyu.

"Blessing," alinong'ona, "kimbia kamwite Bi Zubeda. Mwambie aje sasa hivi."

Bi Zubeda alikuwa jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa. Alikuja anahema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Fundi yuko njiani."

Zubeda alinawa mikono kwa sabuni, akamtazama mtoto mdomoni.

"Bibi, hizi ni chonge zake," alisema. "Ni meno ya utoto ya kawaida kabisa. Bado yamo ndani ya ufizi, hayajawa magumu. Ndiyo maana mtu akiyachimbua anaona kitu laini cheupe, anasema plastiki."

"Na kuharisha je?"

"Mtoto ameanza kutambaa. Kila anachookota anatia mdomoni. Anaharisha kwa uchafu. Hapo jino lina kosa gani?"

"Mbona Blessing tulimtoa meno hayo, akapona?"

"Angepona tu, bibi. Chonge zake mlizitoa bure." Zubeda alimgeukia Blessing. "Mwanangu, fungua mdomo, bibi aone."

Blessing alimtazama mama yake kwanza. Kisha akafungua.

"Chonge za utoto zinashika nafasi," Zubeda alieleza. "Zikiondoka mapema, meno ya jirani yanasogea, na yanayofuata yanakosa pa kuotea. Pengine ile spoku ilifika hata kwenye jino la ukubwani lililo ndani zaidi. Tena spoku hiyohiyo inaingia kwenye midomo ya watoto wangapi? Mtoto anaweza kupata pepopunda, au virusi vya Ukimwi. Wengine wanakufa."

Bibi aliinama, akautazama mdomo wa mjukuu wake.

"Ni mie niliyemwita yule mtu," alisema polepole.

"Na mie nilimshika kichwa," alisema Vaileth, akaanza kulia.

"Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," alisema Zubeda. "Mama Blessing, endelea kumnyonyesha. Beba mtoto twende zahanati."

Fundi alipobisha hodi, bibi ndiye aliyetoka. "Rudi tu, baba," alimwambia. "Hapa hakuna kazi."

Zahanati walimpa Brightson maji ya ORS na vidonge vya zinki. Siku ya tatu aliacha kuharisha. Ufizi wake ulikuwa mzima.

Wiki iliyofuata walimpeleka Blessing kwa daktari wa meno, Dokta Anwar. Gozbert alikwenda nao, macho mekundu kwa kukesha.

"Dokta, si angengoja akue kwanza?" aliuliza.

"Wengi wanangoja, na wanakosea," alijibu daktari. "Mtoto apimwe mpangilio wa meno akifika miaka saba hivi. Taya bado linakua, na meno yanaongozeka kwa urahisi. Likishakomaa, kazi inakuwa ngumu zaidi."

Alipiga picha ya meno. Chonge moja ya ukubwani ilikuwa imeharibika ndani ya ufizi. "Hiyo sitaweza kuirudisha," alisema wazi. Kisha akamtengenezea Blessing kifaa chenye waya mwembamba, cha kuvaa kwenye kaakaa. Alimfundisha kukisafisha, akamwambia arudi kliniki kila mwezi.

Mwaka ulipita. Meno ya mbele ya Blessing yalinyooka, ingawa pengo moja lilibaki. Chonge za Brightson ziliota zenyewe, nyeupe, imara.

Jioni moja jirani yao Anastasia aliingia uani amebeba mtoto mgonjwa.

"Bibi, shikamoo. Nasikia unayo namba ya fundi wa meno ya plastiki."

Bibi Atuganile alikuwa amenyoosha miguu mkekani. Siku nzima magoti yalimsumbua.

"Marahaba. Namba ninayo," alisema, "lakini sikupi. Mjukuu wangu ana pengo, na pengo lile nimelitia mie."

Akashika ukuta, akainuka taratibu.

"Nipe huyo mtoto nikusaidie kumbeba. Twende zahanati."