Glavu Kwenye Msumeno

Subira huvuta heri, wanasema. Mtaani kwetu Liepāja, mji wa pwani ya Latvia, subira ilivuta misumeno. Wanawake walisubiri mpaka wakachoka kuomba miti mikongwe isikatwe kupisha maegesho ya magari. Ndipo wakaivika nguo za sufu, nyekundu na kijani, kila shina na jina la mfumaji wake. Anayekata, amkate mtu.

Aliyewakusanya ni Madara. Alikutana na Gatis sokoni, kwenye kibanda cha samaki wa moshi, mikono yao ikigombea samaki mmoja.

"Mikono mitupu baridi hii? Huna mama?"

"Mama ninaye. Ninayemkosa ni mfumaji."

Madara akacheka, koti lake la bluu likitikisika. Kabla theluji haijayeyuka alikwisha kumfumia glavu kwa nakshi ya bibi yake. Kwetu mwanamume hapewi glavu hizo hivihivi; ukimpa, umemkubali akuoe.

Asubuhi moja picha ikazagaa kwenye simu: mashina chini, sufu imechanwa matopeni, na Gatis, msimamizi wa kampuni inayojenga maegesho hayo, ameshika msumeno wa injini. Mikononi, glavu zile.

Madara akampigia palepale sokoni.

"Kipenzi, afadhali umepi—"

"Kipenzi chako msumeno! Muuaji! Umevaa mapenzi yangu kuniulia miti!"

Soko zima likageuka. Akakata simu.

Mchana akaja Mama Dzintra, mfumaji mwenzake, matope hadi magotini. "We binti, picha imekudanganya. Kijana alimpokonya fundi ule msumeno. Mti wangu umesimama kwa sababu yake. Na kazini wamemfukuza."

Madara akamkuta Gatis kituo cha tramu, uso umemshuka.

"Kwamba watakata, ulijua tangu lini?"

"Tangu juma lililopita. Nilidhani nitawabembeleza mabosi kimyakimya."

"Juma zima unakunywa supu mezani kwangu, umefunga mdomo! Tungelala chini ya ile miti, Gatis. Wote!"

"Nimekosa. Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Utanioa, na kesho utashika sindano ufume nasi."

Gatis akathubutu kutabasamu. "Na wewe? Umeniita muuaji mbele ya soko zima. Hata samahani ndogo?"

"Siombi. Miti imelala chini na wewe ulijua. Siombi leo, na hata kanisani siku ya harusi, siombi."