Kosa Lililozibwa Mdomo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alikuwa na kazi tatu: kuosha vyombo vya usiku, kufagia sebule na kumwamsha shangazi yake. Zote alizifanya kwa mpigo mmoja. Vyombo viligongana, ufagio ulipita juu ya vumbi bila kulisumbua sana, na shangazi aliamshwa kwa sauti iliyowaamsha na majirani. Binti huyo wa miaka kumi na miwili hakupewa jina la Chapuchapu bure.

Shangazi alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Ofisi yake ilikuwa meza ya kulia chakula, na ndiye aliyemfundisha Chapuchapu Python, lugha ambayo mtu huitumia kuiagiza kompyuta kazi. Kila Alhamisi jioni alifika shuleni kuisaidia klabu ya kompyuta. Alikuwa na sharti moja lililojulikana na kila mwanaklabu: hagusi kibodi ya mtu. "Nikikuandikia mimi, utakuwa umejifunza nini? Kunitazama tu," alikuwa akisema.

Alhamisi hiyo Chapuchapu alikuwa na furaha isiyokaa chini. Tovuti yake ilikuwa hewani! Nesi wa shule ndiye aliyeiomba. Wiki iliyofuata daktari wa macho angekuja kuwapima wanafunzi na kugawa miwani bure, na nesi alitaka wazazi waandikishe watoto wao kwa simu badala ya kupanga foleni mlangoni kwake. Klabu ilimkabidhi Chapuchapu kazi hiyo. Aliijenga kwa kiunzi cha Python, yaani tovuti ambayo nguzo na paa vimekwisha simamishwa, mjenzi akabaki kugawa vyumba anavyotaka. Mzazi alijaza jina la mtoto na darasa lake, akabonyeza, akajibiwa: "Asante! Mtoto wako ameandikishwa."

Njiani alikutana na Twiga, rafiki yake wa dawati moja. Twiga alikuwa msichana mrefu kuliko wote darasani, tena alikaa mstari wa mbele kabisa, jambo lililowakera wote walio nyuma yake. Lakini angefanyaje? Akikaa nyuma, ubao ulikuwa ukungu mtupu. Hata pale mbele alikodoa macho, akashindwa, akanakili hesabu za Chapuchapu pamoja na makosa yake.

"Bibi ameniandikisha jana!" Twiga alisema kabla hata ya salamu. "Kwa simu ya jirani. Akaandikiwa asante. Unajua alivyofanya? Akaijibu ile simu, 'Asante nawe, mwanangu.'"

Walicheka mpaka getini.

Wakati wa mapumziko Chapuchapu aliitwa kwa nesi. Alikwenda mbio, akiamini anakwenda kupongezwa, na Twiga akamfuata nyuma asikose uhondo. Chumba cha nesi kilikuwa na kitanda kilichotandikwa mpira, mzani wa kupimia uzito, na kompyuta ndogo kwenye meza iliyofunikwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, wanangu. Chapuchapu, hebu tazama hapa. Mbona naona watoto kumi na wawili tu?"

Chapuchapu alitazama. Ni kweli, walikuwa kumi na wawili, wote wa Jumatatu. Kuanzia Jumanne hapakuwa na mtu.

"Labda wazazi wengine hawajajaza," alisema.

"Bibi yangu amejaza," Twiga alidakia.

Nesi alipandisha ukurasa juu, akaushusha chini. Jina la Twiga halikuwemo. "Sasa sikilizeni. Leo saa kumi jioni lazima nimtumie daktari majina. Kwa majina hayo ndiyo anajua abebe miwani mingapi na aje na wasaidizi wangapi. Asiyekuwemo hapimwi, na daktari harudi hapa mpaka mwakani."

Twiga alisogelea kompyuta. Ulimi wa Chapuchapu uliitangulia akili yake. "Basi ni mtandao huo, nesi. Mtandao ulikuwa mbovu."

Maskini mtandao! Ni punda wa kila mtu, hubebeshwa hata mizigo isiyo yake. Nesi alishusha pumzi. "Kama ni mtandao, hatuna la kufanya. Nitatuma hawa hawa niliowapata." Akaivuta kibodi.

Chapuchapu alimgeukia rafiki yake. Twiga hakuwa amekasirika. Alikuwa ameinama mbele ya kompyuta, pua ikikaribia kugusa kioo, anatafuta tena jina lake mstari kwa mstari. Hapo Chapuchapu alishindwa kuvumilia.

"Usitume, nesi! Si mtandao. Ni mimi."

Akaeleza yote bila kuvuta pumzi. Jumatatu jioni nesi alimwomba aongeze kisanduku kimoja kwenye fomu, mzazi aandike shida ya macho ya mtoto. Alikiongeza haraka. Alipotoa amri ya kuandaa mabadiliko hayo, kiunzi kilimuuliza swali. Aliona swali hilo linamchelewesha, akafunga dirisha. Alipojaribu fomu, ukatokea ukurasa wa njano wenye mistari mingi ya makosa. Akabadilisha hiki, akabadilisha kile, ukurasa wa njano ukabaki pale pale. Mwisho akaokota ujanja fulani mtandaoni: unaiambia programu ijaribu kuhifadhi jina, na ikishindwa, inyamaze iendelee na safari. Njano ikatoweka, "Asante!" ikarudi, naye akajipigia makofi.

"Kwa hiyo tovuti inasema asante huku inawatupa watu?" nesi aliuliza.

"Ndiyo, nesi." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nimeona aibu sana."

"Aibu utaimalizia kesho. Leo tuna mpaka saa kumi tu." Nesi alikuwa ameshachukua simu. "Shangazi yako yuko wapi saa hizi?"

Shangazi alikuwa kwa msusi, akaelezwa yote kwa simu. Alifika kwa pikipiki, upande mmoja wa kichwa umesukwa mistari mizuri, upande wa pili nywele zimesimama kila moja na njia yake. Wanaklabu, waliokwisha ombewa ruhusa na nesi wakakusanyika chumba cha kompyuta, walimtazama wakabana midomo wasicheke.

"Chekeni tu, mmalize," alisema. "Haya, nani ana tatizo?"

"Mimi, shangazi."

"Kaa hapo kwenye kompyuta. Kwanza lifungue mdomo hilo kosa lako. Yaondoe yale maneno ya kunyamaza."

Chapuchapu aliyafuta, akaiwasha tovuti upya. Safari hii programu haikuwaka kabisa.

"Aaah! Tumeiua!" mmoja alipiga kelele.

"Haijafa, inaongea," shangazi alisema. "Mtu akilalamika ujue yuko hai. Soma mstari wa mwisho."

Chapuchapu alisoma. Kosa lilisema nafasi mwanzoni mwa mistari hazilingani. Akatazama alikofuta. Mistari aliyokuwa ameisogeza ndani, chini ya yale maneno ya kunyamaza, ilikuwa bado imejibanza ndani ingawa maneno yenyewe hayapo tena. Python haivumilii mambo hayo. Aliirudisha mistari mahali pake, akaiwasha tena tovuti. Ikawaka! Akajaza jina la Twiga, akabonyeza, na kioo chote kikageuka njano.

Chumba kizima kiliguna. Shangazi peke yake alipiga makofi. "Karibu, karibu mgeni! Tulikuwa tunakutafuta wewe!"

Watoto wakaangua kicheko, na Chapuchapu akajikuta naye anacheka. Tangu Jumatatu ukurasa ule ulikuwa adui yake, na hakuwahi kuusoma hata mara moja.

"Mistari yote hiyo, nianzie wapi?" aliuliza.

"Anzia chini. Huku juu kiunzi kinakueleza njia kiliyopita. Chini kinakuambia kilipojikwaa."

Chapuchapu aliweka kidole kwenye kioo, akasoma polepole, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. "Jedwali... la wanafunzi... halina safu inayoitwa shida." Akaruka kwenye kiti. "Shangazi! Fomu inajua kuna kisanduku kipya, programu inajua, lakini hifadhidata, pale majina yanapowekwa, haijaambiwa!"

"Nani alipaswa kuiambia?"

"Mimi."

"Basi iambie. Na haraka ya leo ni ya kusoma, si ya kubonyeza."

Aliandika amri ya kwanza, ile ya kuandaa mabadiliko. Lile swali la Jumatatu likatokea tena: watoto waliokwisha andikishwa wajazwe nini kwenye safu mpya? Mkono wa Chapuchapu, kwa mazoea, ulianza kwenda kufunga dirisha. Shangazi akakohoa.

"Umeulizwa, mwanangu. Mgeni akikuuliza jambo, unamfungia mlango usoni?"

Chapuchapu alirudisha mkono. Akafikiri. Wale kumi na wawili wa mwanzo hawakuwahi kuulizwa shida zao. "Tuandike 'ataulizwa', halafu nesi awaulize," alisema. Akajibu hivyo, kisha akaandika amri ya pili, ya kuyapeleka mabadiliko kwenye hifadhidata. Kimya kidogo. Neno la kijani likatokea mwisho wa mstari: sawa.

"Twiga, njoo ujaze mwenyewe!"

Twiga alijaza jina lake na darasa. Kwenye kisanduku kipya akaandika, "Ubao siuoni." Akabonyeza. Wote walikimbilia kompyuta ya pili, uliko ukurasa wa nesi, wakasukumana. Jina la Twiga lilikuwa pale, la kumi na tatu, pamoja na shida yake. Kelele zilizopigwa ziliufanya ukuta ugongwe kutoka darasa la jirani.

"Na wale wengine waliotupwa?" shangazi aliuliza, na kelele zikaisha.

"Hawakuhifadhiwa popote," Chapuchapu alijibu. "Itabidi niwaendee."

Kengele ya chakula cha mchana ilipolia, hakwenda kula. Alipita darasa kwa darasa, Twiga kando yake. "Jamani, nisikilizeni! Tovuti ya macho iliwaambia wazazi wenu asante ya uongo. Kosa si lao wala si la simu zao. Ni langu, nilifanya haraka."

"Haraka haraka!" mvulana mmoja wa darasa la juu alipaza sauti.

"Haina baraka!" darasa zima likaitikia, likapasuka kwa kicheko.

Masikio yalimwaka moto, lakini hakutoka. "Leo nimekubali, haina. Sasa nani mzazi wake alijaza?"

Mikono ikanyooshwa, mingi kuliko alivyotarajia. Basi ikawa mbio! Foleni ilitoka chumba cha kompyuta ikazunguka mpaka bombani. Wanaklabu waligawana kompyuta, nesi akawa anawapigia simu wazazi ambao watoto wao hawakufika siku hiyo, na Twiga, kwa urefu wake, akasimama katikati ya uwanja kuwaelekeza watu. Mara moja ukurasa wa njano ulitokea tena, na badala ya kuguna watoto walipiga kelele, "Soma chini! Soma chini!" Mtu alikuwa amekosea herufi moja katika anwani ya ukurasa. Wakairekebisha palepale.

Saa kumi kasorobo nesi aliufungua ukurasa wake. Idadi ya majina ilikuwa imepita mia. Alituma, na wote wakabaki wameikodolea macho simu yake mpaka jibu la daktari lilipoingia. Nesi alilisoma kwa sauti: "Nimewapata wote. Nitakuja na wasaidizi wawili zaidi." Twiga alimkumbatia Chapuchapu, akamwinua juu, miguu ikaning'inia.

Walipotulia, shangazi aliketi pembeni ya meza. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kila mtu hufanya makosa. Mimi nayaona kila siku ya kazi. Kosa linalopiga kelele linakusaidia, maana linakuonyesha pa kutengeneza. Ukiliziba mdomo halijaondoka, linaendelea kuwaumiza watu, nao hawajui. Tovuti ikishindwa, imwambie mzazi kwa upole kwamba imeshindwa, na wewe mjenzi ikuachie ukweli wote uusome. Na mtu naye ni hivyo hivyo. Leo Chapuchapu angeng'ang'ania mtandao, watoto hawa wote wangekaa mwaka mzima bila miwani. Kilichowaokoa kilianza pale aliposema, 'Ni mimi.'"

 Chapuchapu alitazama vidole vyake. Kisha kutoka kompyuta ya nyuma mkono ulinyooshwa taratibu. Alikuwa mvulana anayejenga tovuti ya ratiba ya mechi.

"Shangazi, na mimi yangu niliiziba mdomo. Tangu mwezi uliopita."

Kabla hajamaliza, mkono wa pili ulikuwa juu, halafu wa tatu, halafu wa msichana wa dirishani aliyesifiwa na wote kwa kutokosea.

Shangazi aliwatazama mmoja mmoja. Akapeleka mkono kichwani, upande ambao haujasukwa, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Msusi wangu atanisubiri sana leo," alisema. "Vuteni viti. Zifungueni zote."