Friji Iliyokunywa Betri

Hakuwa na betri ya pili. Hakuwa na kamba ya kuvutia gari, wala koleo lenye mpini mzima, wala maji zaidi ya dumu la lita tano lililokwisha kunywewa nusu. Simu alikuwa nayo, ila mtandao haukuwapo. Na kitu kimoja zaidi alikikosa tangu utotoni, ambacho mama yake alikitafuta kwake kwa bembelezo na kwa fimbo asikipate: hakuwa na ulimi wa kusema, "Nimekosea."

Madereva wenzake walimwita Najua, maana hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila shauri. Ukimwambia breki zinalia, najua. Ukimwambia njia imeharibika, najua. Safari hii alikuwa akikata jangwa na shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike. Nyuma ya viti vyao ilifungwa friji ndogo ya gari, si kubwa kuliko sanduku la nguo, iliyotumia umeme wa betri. Ndani mlikuwa na vichupa kumi na viwili vya insulini, na chupa mbili za maji zilizowekwa kutunza ubaridi.

Dawa ilikuwa ya huyo mdogo wake, mpishi wa kambi ya machimbo ya mawe upande wa pili wa jangwa. Friji ya kambi ilikufa, akiba yake ya dawa ikaiva kwa joto, na alichobakiwa nacho kilikuwa cha siku mbili tu.

Dhoruba ya mchanga iliwakuta saa tisa alasiri. Upeo wa macho uligeuka rangi ya kutu, kisha jua likafutika kama chaki ubaoni. Shemeji alitoka kukaza turubai. Upepo ukaubamiza mlango wa nyuma juu ya mkono wake, vidole viwili vikapasuka. Najua alimfunga kwa kitambaa cha shati lake mwenyewe. Alizima injini isije ikavuta mchanga, wakajifungia ndani, na friji ikaendelea kunguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mngurumo ule uliwaliwaza mpaka wakasinzia.

Kulipopambazuka, upepo ulikuwa umetulia na friji ilikuwa kimya. Najua aligeuza ufunguo. Tik. Akageuza tena. Tik.

"Betri," Shemeji alisema.

"Najua."

"Lakini si fundi alifunga kile kidude? Si kazi yake kuikatia friji umeme betri ikipungua, ili gari lipate kuwaka?"

Najua alifungua boneti akainama ndani, kama mtu aliyeulizwa jambo na jirani wa mbali.

Magurudumu yote manne yalikuwa yamezama. Shemeji alinyoosha mkono mzima kuifungua friji aitazame dawa, Najua akaudaka.

"Usiguse kifuniko. Friji iliyozimika bado ni sanduku la ubaridi. Ukiufungulia, unatoka, na hautarudi."

Hilo alilijua kweli. Alichomoa plagi ili betri ipumzike, akachimba shimo chini ya gari penye kivuli, akaishusha friji humo na kuizungushia blanketi. Kisha akamwagia blanketi kikombe kizima cha maji. Shemeji alitazama kikombe kile kikimwagika mpaka tone la mwisho.

Walichimba. Najua alitumia koleo la mpini uliovunjika, Shemeji alitumia sufuria kwa mkono mmoja. Mchanga waliouchota ulirudi nusu yake. Kufikia saa sita, bati la gari lilikuwa limepata moto kiasi cha kubabua kiganja, na maji waliyagawana kwa kifuniko cha dumu: kifuniko kimoja kwako, kimoja kwangu, kimoja kwa blanketi. Kitambaa cha vidole vya Shemeji kilikuwa kimekauka kwa damu, na macho yake yalianza kung'aa kwa homa.

"Mle ndani mna chupa mbili za baridi," alisema.

"Zimo."

"Lita tatu."

"Tukizinywa, tutakuwa tumemnywa yeye."

Shemeji aliinama akachimba tena, mpaka gurudumu la mwisho likatoka. Ndipo alipokaa chini, akaegemea tairi, akacheka kwa midomo iliyochanika.

"Tukitoka hapa salama, yule fundi nitamvunja mguu. Ametufungia kidude kibovu. Mke wangu akifa, nitamwendea na nyundo, Mungu shahidi yangu."

Najua alikuwa akikata mikanda ya turubai kwa kisu. Kisu kilisimama. Alikumbuka karakana, na fundi yule mpole akifuta mikono huku watu wakimcheka. Kilikuwa kisu hiki hiki.

"Hakikuwa kibovu," alisema.

"Unajuaje?"

"Nilikipita mimi. Nilimenya waya, nikaunganisha friji moja kwa moja kwenye betri."

Shemeji aliacha kucheka.

"Kwa nini?"

"Kilizima friji mara mbili gari likiwa limesimama pale pale karakana. Niliona kinanidharau."

"Kidude?"

"Kidude."

Mkono mzima wa Shemeji ulikunja ngumi, ukakunjuka, ukakunja tena.

"Dada yako husema wewe ungebishana hata na saa ya ukutani," alisema mwishowe. "Sasa nikupige, au ningoje gari liwake?"

"Ngoja liwake. Una mkono mmoja."

"Haya. Niambie la kufanya, Bwana Najua."

Betri ilikuwa na pumzi ya kuwasha taa hafifu za dashibodi, si ya kuzungusha stata. Lakini injini ikizungushwa kwa nguvu nyingine, ingeweza kushika. Kusukuma gari kwenye mchanga ule, kwa watu wawili na mikono mitatu, lilikuwa jambo la kujidanganya. Najua alizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akaweka kibao chini ya jeki, akainua gurudumu moja la nyuma mpaka likaning'inia. Akafunga mikanda ya turubai ncha kwa ncha na kuizungusha kwenye tairi lile, kama mtoto anavyozungushia pia uzi.

"Kaa kwenye usukani," alisema. "Gia ya tatu. Injini ikishika tu, kanyaga klachi. Ukichelewa, gari litaruka kutoka kwenye jeki na litanigonga mgongoni."

"Nitakanyaga."

"Shemeji. Usinilipizie kisasi hapo."

"Vuta, mzee."

Alivuta akikimbia. Fundo likafunguka, akaanguka kifudifudi, mchanga ukamjaa kinywani. Akafunga upya. Mara ya pili tairi lilizunguka, injini ikakohoa mara moja ikanyamaza. Machoni pake jua lilikuwa limekuwa mawili. Waligawana vifuniko viwili vya mwisho. Cha blanketi hakikuwapo.

Mara ya tatu alijizungushia ncha ya mikanda kifuani, akakimbia kama punda anayekimbia moto. Nyuma yake kitu kilikohoa, kikakohoa tena, kikanguruma. Tairi likazunguka likivurumisha mchanga, gari likatikisika juu ya jeki.

"Klachi!"

Tairi likapunguza mwendo, likasimama. Injini ikaendelea.

Najua alibaki amepiga magoti. Alipofika mlangoni, Shemeji alikuwa amekunja ngumi. Aliitazama ngumi yake, akaifungua, akamshika bega.

"Endesha," alisema.

Waliliteremsha gari kutoka kwenye jeki, wakaitoa friji shimoni, na kuirudishia umeme baada ya injini kupata robo saa ya kuchaji. Hawakuifungua. Njia nzima hawakuifungua.

Walifika kambini jua likishuka. Mdogo wake Najua alikuwa amekaa mlangoni pa jiko, amejifunga khanga mbili kama mwenye baridi, midomo mikavu. Nesi wa kambi alifungua kifuniko, akachomeka kipimajoto kati ya vichupa. Wanaume wawili walisimama bila kupumua.

"Nyuzi kumi na tatu," alisema nesi. "Haikuharibika."

Mgonjwa alipokwisha kudungwa sindano, aliwapa zile chupa mbili. "Kunyweni basi, Kaka. Mbona mnaziangalia tu?"

Shemeji alikunywa akilia waziwazi. Najua aliiegemeza ya kwake kwenye paji la uso, akashindwa kuifungua kwa muda mrefu.

Kesho yake aliomba karatasi stoo, akaketi kwenye meza ya jikoni kati ya vitunguu na bakuli za unga. Alichana karatasi mbili. Ya tatu aliandika hivi:

*Fundi, kifaa chako kilikuwa kizima. Nilikipita kwa waya siku ile ile uliyokifunga, na mbele ya watu nikakuita mbabaishaji. Nusura nimuue mdogo wangu. Nimekosea. Tafadhali isome barua hii kwa sauti hapo karakana, mbele ya wale wale waliocheka.*

Dereva wa lori la mawe alikuwa akiwasha injini uani. Najua alimpelekea bahasha.

"Si unarudi mwenyewe keshokutwa?" dereva aliuliza. "Kwa nini usimpe mkononi?"

"Nataka ifike kabla yangu."

Aliulamba ukingo wa bahasha kwa ulimi uliokuwa bado una ladha ya mchanga, akaubana kwa kidole gumba mpaka ukashika, akaikabidhi. Kisha akasimama uani mpaka vumbi la lori likatulia.