Viti vya Jumuiya

Kila Jumamosi, baada ya kupiga deki na kuosha vyombo, Kalekye alifunga pazia, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumsomea mama yake Zaburi. Kisha walisali wawili tu, kwa sauti ya chini. Mama alikuwa amelala chali, mguu wa kulia umefungwa plasta. Aliteleza kwenye ngazi kazini kwake Kileleshwa, na simu yake ikapasuka papo hapo. Baba alifanya kazi ya ujenzi Mai Mahiu na kurudi mwisho wa mwezi.

"Kalekye," mama aliuliza Jumamosi hiyo, "hata Mama Shiko hajauliza habari zangu?"

"Labda wana shughuli nyingi, mama. Kwani Mungu hatusikii tukiwa wawili?"

"Anatusikia," mama alisema, akageukia ukutani.

Uso wa Kalekye uliwaka moto. Alijua vizuri kwamba Mama Shiko alimuuliza kila Jumapili nje ya kanisa, "Sasa Kalekye, mamako alienda wapi?" Naye alimjibu bila kupepesa macho, "Ako ushago, Mwingi. Bado hajarudi."

Jumuiya yao ndogo ya kanisa ilisali nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mwenye zamu aliandaa meza, kitambaa cheupe, mshumaa na chai. Walipokuwa wakikaa katika nyumba kubwa, hapo hapo mtaani Woodley, zamu yao ilikuwa fahari ya Kalekye. Makochi yaliwatosha watu wote. Sasa walikuwa wamehamia chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mtu, kitanda kikitazama mlango, na viti vilikuwa viwili, kimoja kimelegea mguu. Zamu yao ilipokaribia, Kalekye alimfikiria Shiko, rafiki yake wa darasani, akiyaona mabeseni chini ya kitanda. Basi akamsafirisha mama yake hadi kijijini Mwingi kwa mdomo tu, naye mwenyewe akaacha kwenda jumuiya akiogopa maswali.

Alasiri hiyo nyimbo zilisikika kutoka ng'ambo ya ua wa michongoma. Kalekye alishtuka. Kumbe ilikuwa zamu ya Mzee Kinyanjui, jirani yao wa nyuma.

"Fungua dirisha," mama akasema.

"Kuna baridi, mama."

"Fungua."

Akafungua. Mama alisikiliza ubeti mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo katika jumuiya ile, na bila yeye kiitikio kiliyumba, kila mtu akishika njia yake. Hakuweza kuvumilia. Akajiinua kwenye mto, akakidaka kiitikio na kukiongoza. Ng'ambo ya ua sauti zilinyamaza moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki yake peke yake.

"Huyo ni Mama Kalekye," mtu akasema.

Kalekye alitamani ardhi ipasuke immeze. Chumba chenyewe kilikuwa na mlango mmoja, na muda si muda hodi ilipigwa mlangoni hapo. Mama Shiko aliingia. Nyuma yake alikuwa Mzee Zachariah, mwenyekiti wa jumuiya, na wengine wote, kila mmoja amebeba kiti cha plastiki alichokuwa amekalia kwa Mzee Kinyanjui. Shiko alikuwa amekumbatia chupa ya chai.

"Kumbe Mwingi ni hapa karibu hivi," Mama Shiko alitania. Kisha akaiona plasta, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Mwingi gani?" mama akauliza.

Macho yote yalimgeukia Kalekye. Yeye alitazama vidole vya miguu yake.

"Ni mimi niliwaambia umesafiri," alisema, machozi yakimtoka. "Niliona aibu na hii nyumba. Sikutaka waje."

Mama alimgeukia. "Nimelala hapa nikidhani watu wangu wamenitupa," alisema polepole. "Usiku nimekuwa nikilia, Kalekye, na wewe ulikuwa unanisikia."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kiboko, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alikuwa akisikia, kisha akivuta blanketi mpaka masikioni.

"Nisamehe, mama," alisema. Mama alimshika mkono na hakuuachilia.

Viti havikuenea chumbani. Wengine waliketi kitandani, wengine nje mlangoni, na Shiko akakalia beseni lililofudikizwa, akaanza kumimina chai.

"Kalekye," Mzee Zachariah alisema, "kusali na mama yako ulifanya vizuri. Lakini Mungu alikuwa na watu wa kumletea chakula, wa kumpeleka hospitali na wa kumchekesha. Watu hao ni sisi, na wewe ulitufungia mlango. Mkristo hawafichi ndugu zake ugonjwa wala umaskini. Na sisi, mwanangu, hatujawahi kuja kwa mtu kuangalia makochi."

Wakasali. Safari hii mama ndiye aliyeanzisha wimbo, na kiitikio hakikuyumba.

Miezi miwili baadaye, mama akitembea tena, Maxwell wa darasa la katekisimu alimwambia Kalekye kwamba zamu ya kwao iahirishwe, kwa kuwa nyanya yake amesafiri. Alisema hayo akitazama viatu vyake. Kalekye aliujua mtazamo huo, na uso wake ukawaka tena.

"Mwambie nyanya tunakuja," alisema kwa upole. "Viti tutabeba wenyewe."