Jicho la Tano

Kabla hujamsemesha tena mdogo wangu ukaona anakudharau, sogea hapa nikwambie. Hakudharau. Hamjibu mtu yeyote, hata mimi niliyembeba mgongoni, na mwaka sasa unakaribia kwisha. Zamani alikuwa na mdomo huyu, wacha tu. Tulimwita Waya kwa ajili ya kazi yake, na pia kwa sababu ukimgusa kidogo anawaka.

Kazi yake ilikuwa kufunga televisheni, spika na madude yote ya sebuleni. Siku ninayokusimulia ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Alikunywa chai, akalalamika kwamba sukari nimeiweka kwa kuhesabu punje, akatafuta soksi ya pili asiione, akaondoka na soksi za rangi mbili. Nikamwambia wateja watakucheka. Akasema wateja hawaangalii miguu ya fundi, wanaangalia kama picha imetokea.

Alikwenda kwa mama mmoja kijana ambaye mumewe hufanya kazi mbali na kurudi mara moja kwa miezi mitatu. Sebule safi, makochi bado yana nailoni ya dukani, vyombo vyote vimefichwa ndani ya kabati lenye milango. Sasa rimoti ya kawaida hutoa mwanga, na mwanga haupiti mlango wa kabati. Kwa hiyo mama yule alitaka ile ya mawimbi ya redio, ambayo hata ukiwa jikoni unabonyeza, kitu kinakubali. Hiyo lazima iwe na kisanduku cha kupokea mawimbi. Waya alikiita besi. Kutoka kwenye besi zinatoka nyaya nyembamba, na kila waya mwishoni una kijicho cheusi, kidogo kama kifungo cha shati, chenye gundi nyuma. Unakibandika usoni mwa chombo. Ukibonyeza rimoti, taa nyekundu ya besi inawaka, kijicho kinatoa amri, chombo kinatii.

Besi ile ilikuwa na macho matano. Vyombo vilikuwa vinne.

Tena besi haitaki kukaa karibu na televisheni wala chuma, inachanganyikiwa. Waya akazunguka nyumba nzima mpaka akapata rafu ya mbao kwenye chumba cha nyuma, kinachopakana na sebule. Akatoboa ukuta, akapitisha nyaya. Chini ya besi kuna kigurudumu cha namba, ili kila nyumba iwe na namba yake na rimoti ya jirani isiingilie. Mdogo wangu hakuwahi kukizungusha hata siku moja. Nyumba zote aliziacha kwenye sifuri, kama zilivyotoka kiwandani, ili rimoti yake moja ya majaribio imtumikie kila aendako. Na nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta na ile, alikuwa ameifunga wiki iliyotangulia. Nayo sifuri.

Katika chumba hicho cha nyuma alilala mama mkwe wa yule mama kijana. Upande wa kushoto ulikuwa umepooza, mkono wa kulia unajikongoja, lakini sauti ilikuwa nzima. Aliita kutwa. "Mwanangu, maji. Mwanangu, nigeuze." Waya anatoboa, bibi anaita. Waya anavuta waya, bibi anaita. Yule mkamwana akaja akaegemea mlango.

"Fundi," akasema, "huyu hana kitufe cha kupunguza sauti?"

Unamjua mtu mwenye kiherehere. Waya alikuwa na kijicho kimoja kinaning'inia, hakina kazi. "Leo umempata fundi, mama," akasema. Akabandua karatasi ya gundi, akainama, akakibandika kile kijicho cha tano katikati ya paji la uso la bibi.

Bibi akamtazama. "Kitoe, mwanangu," akamwambia taratibu. "Si vizuri."

Mkamwana alikwenda sebuleni akicheka, akabonyeza kitufe cha kukata sauti. Televisheni ikanyamaza. Bibi naye akanyamaza. Midomo iliendelea kwenda, maneno hayakutoka.

Waya alitaka kukibandua, haki yake nimpe. Mkamwana akamzuia. "Kiache tu, fundi. Nipumzike leo tu." Naye akakiacha. Akafunga mkoba, akaja kunisimulia jikoni, na mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu. Hilo silifichi. Mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini siku hiyo tulikuwa bado tunachekea kipele.

Ijumaa asubuhi alikuwa anaweka betri mpya kwenye rimoti yake ya majaribio. Alikuwa na tabia ya kuandika tarehe juu ya betri kwa kalamu nyekundu. "Hizi, dada, mwaka mzima hazinisumbui," akajisifu. Simu ikaita. Alikuwa yule mkamwana, na alinong'ona.

"Njoo utoe kitu chako. Anazimika."

Aliitumbukiza rimoti mkobani, nami nikaenda naye. Nilitaka kuona, basi.

Tulifika saa nane mchana, jua kali, dirisha wazi. Bibi alikuwa amelala chali, waya mweusi umetoka rafuni mpaka usoni mwake. Macho wazi. Kifua hakipandi. Nikachukua kioo kidogo cha mkobani mwangu nikakiweka puani pake. Hakikupata ukungu. Nikageuka nimwambie Waya kwamba bibi amekwisha kufariki.

Upande wa pili wa ukuta, kwa jirani, televisheni ikawashwa. Kioo kikapata ukungu.

"Ndivyo ilivyo," mkamwana akasema kwa sauti ya chini. "Wale wakizima yao, naye anazima. Wakiwasha, anawaka. Ya kwangu sasa naiogopa hata kuigusa. Usiku wakilala, hulala hivyo mpaka asubuhi."

"Kwa nini hukukitoa?" nikamwuliza.

"Namwogopa." Akakuna mkono. "Na kulikuwa kimya, dada. Miaka miwili sijapata kimya."

Nilimchukia yule mwanamke palepale. Waya aliweka mkoba kitandani, karibu na mkono wa kulia wa bibi, akainama. Bibi alimtambua. Midomo ikaenda, na mimi niliisoma wazi. Ngoja. Alisema ngoja.

Kwa jirani, televisheni ikazimwa.

Kifua cha bibi kikashuka. Hakikupanda.

"Usivute," nikanong'ona. "Subiri wawashe kwanza."

Alikuwa ameshavuta. Ulikuwa mlio mdogo tu, kama wa plasta ikibanduliwa.

Tukasimama. Kwa jirani waliwasha tena. Matangazo ya sabuni. Watu wanaimba. Bibi hakurudi.

Waya alikirudisha kijicho pajini. Gundi ilikuwa imekufa, hakikushika. Akakibana kwa kidole gumba. "Bonyeza," akamwambia mkamwana. "Rimoti unayo mkononi. Bonyeza kuwasha."

Mkamwana alikuwa nayo. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Nilikitazama kile kidole, kina rangi ya kucha iliyobanduka kidogo. Hakikushuka.

"Mama, nakuomba," Waya akasema. "Bonyeza."

"Mimi nimechoka, fundi," akajibu.

Waya akaingiza mkono mkobani atafute rimoti yake mwenyewe. Akatoa bisibisi. Akatoa koleo. Akaumwaga mkoba wote kitandani. Rimoti haikuwamo. Akanikodolea macho, kama vile nimeichukua mimi. Kisha akaing'oa besi rafuni, na nyaya zake zote, akaitumbukiza mkobani ili asiione mtu, tukaondoka kama wezi.

Walimzika kesho yake. Watu waliambiwa ni moyo. Mimi nilikwenda kusaidia kumvisha, kwa sababu dhamira ilinisuta. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa kifuani na haukukubali kunyooshwa, wanawake wawili walishindwa. Nilipopitisha nguo niligusa kitu chini ya ule mkono. Kigumu, kirefu kama kiganja, kina vitufe.

Ningekitoa pale pale. Mkamwana alikuwa mlangoni. "Fungeni haraka," akasema. Nikafunga. Hakuna usiku ninaolala bila kukumbuka kwamba nilifunga.

Siku ya nne Waya alikuwa mezani ananichekesha, anamwigiza mteja mmoja aliyechomeka waya wa antena kwenye tundu la spika. Alifika katikati ya kichekesho, sauti ikakatika. Midomo ikaendelea. Akashika koo. Akaniangalia. Pajini mwake, katikati kabisa, palikuwa na alama ya mviringo inayong'aa, ukubwa wa kifungo cha shati. Niliigusa. Inanata. Nimeisugua kwa sabuni, kwa spiriti, kwa mafuta ya taa. Bado inanata.

Besi ilikuwa kabatini, juu ya mashuka. Haijachomekwa popote. Taa yake nyekundu iliwaka mara moja.

Wiki iliyofuata akaanza kuzimwa. Kwanza dakika moja, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Kisha saa. Nilimpeleka hospitali mara tatu, na mara zote tatu alikuwa mzima wa kupendeza, daktari akanitazama mimi kwa huruma. Tukirudi, tukishafunga mlango, taa inawaka, naye anasimama palepale kwenye kapeti na viatu vyake. Hapumui. Ngozi inapoa polepole. Naketi sakafuni namshika vidole. Taa ikiwaka tena anavuta pumzi na kuanza kulia, bila sauti.

Alijua. Siku moja aliniandikia kwenye bahasha: Dada, mawimbi yanapita ukuta. Chini yake akaandika: na udongo.

Usidhani nilikaa tu. Kigurudumu nilikizungusha mwenyewe kwa bisibisi, nikakitoa sifuri nikakiweka tano. Asubuhi kilikuwa sifuri. Basi nikachukua nyundo. Nilingoja Waya awe amewashwa, anakula, nisirudie kosa lake. Nikaiweka besi sakafuni, nikainua nyundo juu. Taa ikawaka. Waya akaganda na tonge mdomoni. Nyundo ikiwa bado hewani.

Kwa hiyo bibi anatuona. Sijui kwa jicho gani.

Nilishusha nyundo taratibu, nikaiweka chini, nikaketi mbali nayo. "Nisamehe, mama," nikasema. Nilingoja mpaka ukuta ukaanza kuingia kiza. Ndipo taa ikawaka, na mdogo wangu akaendelea kutafuna.

Yule mkamwana ni mzima, nisikufiche. Nimemwona sokoni amenawiri, anachagua nyanya. Alinisalimia vizuri tu. Chenji ilinidondoka kwa hasira. Nilimwuliza, hata usingizi unapata? Akasema, "Sana."

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Waya alinifundisha zamani kwamba betri zikikaribia kwisha, inabidi ubonyeze mara nyingi ndipo chombo kikubali. Mwezi uliopita taa iliwaka mara tatu, hafifu, kabla hajarudi. Wiki iliyopita, mara saba. Juzi nilihesabu ishirini na moja, na Waya midomo imeshakuwa ya bluu. Ukizihesabu siku tangu ile Ijumaa utaona mwaka umekaribia, kama alivyojisifu mwenyewe. Zikiisha akiwa amewashwa, tumepona. Zikiisha akiwa amezimwa, basi tena. Na si mimi ninayechagua.

Dada mwenye akili angefanya nini? Mimi nilikwenda dukani nikanunua betri mbili mpya, zile nzuri. Jana saa kumi jioni nikaenda makaburini na kijiko cha jikoni. Nikachimba upande wa kichwani, kina cha mkono mmoja, nikaziweka, nikafukia, nikaupapasa udongo. Nilimwambia, "Mama, hizi zako. Usimwache gizani." Wapita njia walidhani napanda maua.

Leo asubuhi nimefungua dirisha la jikoni. Juu ya kingo, kwa ndani, kulikuwa na betri mbili kuukuu zimepangwa sawasawa. Udongo mbichi umeganda kwenye ncha. Nilizifuta kwa kanga. Tarehe ipo, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa mdogo wangu. Hizo hapo mezani, zishike ukitaka.

Nilipogeuka kumwonyesha, taa ya kabatini iliwaka. Mara moja tu, na kali, haijawahi kuwa kali hivyo.

Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Sasa hivi ni saa tisa, na huyo uliyekuwa unamsemesha pale kwenye kiti, kikombe mkononi, hajapumua tangu hapo. Usimguse. Vuta kigoda ukae na mimi, tumngoje mama awashe.