Maswali ya Asmaa, Majibu ya Mamake

Mwanarehema wa mtaa wa Junda huuza mahamri na mbaazi za nazi kila asubuhi mlangoni pake. Mahamri yake ni laini, na mdomo wake haupumziki. Wateja wakimwulizia bintiye, jibu liko tayari.

"Asmaa hajambo?"

"Yu salama, alhamdulillah!"

Asmaa hakuwa salama. Alikuwa na miaka kumi na tisa, fundi wa kuchora maharusi kwa piko nyeusi na hina. Lakini ilikuwa miezi miwili hajagusa piko. Alishinda chumbani, na chakula alikidonoa tu. Mamake alisema ni uvivu. Alimbembeleza, akamgombeza, akamwombea dua. Wapi!

Siku moja alifika Agneta, mhamasishaji wa afya wa mtaa huo, na karatasi za utafiti.

"Tunataka kujua vijana wa hapa wana hali gani rohoni na akilini," alisema. "Majibu yatasaidia kupanga huduma zao. Asmaa, si lazima ujibu. Ukikubali, jina lako haliandikwi."

Asmaa alikubali.

"Wiki mbili hizi, umekosa raha ya mambo unayoyapenda?"

"Raha anayo!" akadakia Mwanarehema. "Simu haimtoki mkononi."

"Unapata usingizi vizuri?"

"Huyu? Wallahi hulala mpaka adhuhuri!"

Agneta aliweka kalamu chini, akacheka. "Mama Asmaa, hivi nitakuandika wewe ndiye kijana. Hebu tuachie nafasi kidogo."

Mwanarehema alitoka amenuna. Tangu lini mama akafukuzwa kwenye maongezi ya mwanawe? Alikwenda uani kukanda unga, akaukanda kwa hasira.

Baada ya nusu saa Asmaa alimwita.

"Mama, nataka nikwambie mwenyewe. Nimemwomba dada Agneta akae nasi."

"Sema mwanangu, kwani nani kakuzuia? Mimi siku zote..."

"Mama Asmaa," Agneta alisema, "mwache amalize."

Asmaa alisema polepole. Wenzake walikwenda vyuoni, yeye alama za mtihani hazikutosha. Usingizi haumjii mpaka alfajiri, ndiyo maana huamka adhuhuri. Chakula hakina ladha.

"Nikishika piko mkono wawa mzito. Najiona si mtu wa maana. Na kila mtu akiuliza, wewe wasema niko salama. Nikaona basi, ninyamaze."

Mwanarehema alifungua mdomo mara tatu, na mara tatu akaufunga. Kwa mwanamke kama yeye, hiyo si kazi ndogo. Machozi yalimtoka.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuona mvivu."

"Wengi hudhani hivyo," alisema Agneta. "Huzuni ya siku mbili hupita. Ikikaa wiki mbili au zaidi, ikaondoa usingizi, hamu ya chakula na raha ya kazi, huenda ni ugonjwa. Nao una tiba, kama homa ilivyo na tiba. Asmaa akikubali, kuna mshauri pale kituo cha afya."

"Na dua?"

"Dua omba, na kituoni aende. Havigombani."

"Na mimi hapa nyumbani nifanyeje?"

"Usimlinganishe na wenzake. Muulize, kisha ungoje jibu."

"Likichelewa?"

"Ungoje tu, mama."

Asmaa alikubali. Kila Jumatano alikwenda kituoni kuongea na mshauri. Nafuu haikuja kwa siku moja. Kuna wiki alijifungia tena chumbani, na mamake akaketi naye kimya. Kidogo kidogo usingizi ulirudi. Asubuhi moja alikula mahamri manne. Mwanarehema alitamani kupiga vigelegele, akajizuia.

Baada ya miezi mitatu, jirani yao Jumwa alikuja na ombi. Bintiye Waridi alikuwa anaolewa.

"Mama Asmaa, nataka Asmaa amchore bibi harusi, na wasichana wengine kumi. Ataweza?"

Zamani Mwanarehema angejibu kabla Jumwa hajamaliza. Sasa alisema, "Muulize mwenyewe."

Asmaa alifikiri. Mamake alingoja.

"Waridi nitamchora mpaka viwikoni, Bi Jumwa," alisema. "Wale kumi, hapana. Nguvu hizo sijazipata bado."

Jumwa aliridhika. Mwanarehema naye alifurahi kwa moyo wote. Bintiye alikuwa amesema analoliweza na asiloliweza, kwa sauti yake mwenyewe. Hiyo "hapana" aliipenda kuliko kila "ndiyo" aliyowahi kumsemea.